Chumvi ya Kamio

Ilikuwa mwaka ule wa kula sombe bila chumvi. Nikiwaambia wazee wenzangu wa Uvira hivyo tu, wanatikisa kichwa, wameshajua ni mwaka gani. Uhuru ulikuwa umepita, ngoma zake zimeshapasuka, na uasi ulikuwa unashuka toka mulimani polepole. Ndagala zilikuwepo, ziwa halikugoma. Muhogo ulikuwepo, na majani yake ya sombe. Lakini chumvi! Watu walichoma majani ya mugomba, wakachuja majivu, wakapikia yale maji yake machungu. Watoto walilamba jasho la mikono yao wenyewe. Usicheke, nawe ungelamba.

Ninyi wajukuu zangu munaoshika mwiko, kila mara munaniomba niwaambie kazi ya zamani ilikuwa namna gani. Munataka nirudie jinsi nilivyobeba mchanga wa msingi nikiwa na mimba ya baba yenu, shingo haikuyumba. Hiyo munaijua, naisema kila Jumapili. Munajua pia ukuta wa nyuma wa lile kanisa la chini ni matofali yangu, na mpaka leo hakuna aliyeweza kuyachomoa, hata wezi. Leo nawaandikia ile ambayo sisemi Jumapili. Shule yangu ilikuwa fupi, niliachia pale mutu anapojua kuandika jina lake na kusoma Zaburi kwa kidole. Kalamu inanichosha kuliko karai la udongo. Vumilieni.

Nyie leo munasema forfe, forfe, kama kitu kilichoanza na ninyi. Forfe tuliijua. Mwenye nyumba na kapita, mukubwa wa mafundi, wanakubaliana bei moja toka msingi mpaka manjanja, yale mabati ya paa, wanaifunga, na baada ya hapo hakuna kuongeza wala kupunguza. Wakati wa Wabelgiji, babu yenu Kashindi alikuwa kapita wa kusimamia tu. Bei ilifungwa na muzungu, na kilichobaki kilikwenda na muzungu. Uhuru ulipofika, yule muzungu alivuka mpaka na nguo alizovaa. Akaacha nivo ya kupimia, akaacha kofia. Kashindi aliichukua nivo, kofia akaiweka pale pale kwenye musumari. Akaniambia, "Sasa bei nitafunga minye mwenyewe."

Na yeye hakutaka kufunga kama muzungu. Alileta desturi yake. Siku ya kupima msingi, wakishapigilia vigingi na kuvuta kamba, aliita mafundi wote. "Nani yuko ndani?" Anayetaka anakuja, anashika kamba, anasema, "Niko." Wakishashika wote, Kashindi anasema, "Aliyeshika kamba anakula faida, anakula na hasara." Wanaiachia, inalia *tii*, kazi imeanza. Sisi wanawake tulisimama pembeni na makarai yetu kichwani. Sisi tulikuwa wa siku: jioni unapewa bakuli lako la unga, unakwenda. Kamba hatukuitwa. Na sitawadanganya, hatukuitaka, maana tuliona Lubarika.

Kule Lubarika, bondeni, walifunga forfe ya kujenga gala ya mupunga. Ukuta ulipofika madirishani ikaja mvua ya siku nzima, ukuta ukalala chini kama mulevi. Mwenye gala akasema, bei imefungwa. Kashindi na mafundi wake walijenga upya bila kitu. Aliuza kinga yake, ile baiskeli aliyokuwa anaipangusa kuliko alivyonipangusa minye machozi. Kengele aliing'oa akaiuza peke yake, kwa muntu mwingine. Lakini sisi wanawake, kila jioni ya kujenga upya, tulipewa unga wetu. Alikopa, akatupa. Kwa hiyo musije mukadhani nawaandikia habari za mwizi. Nililala karibu na yule mwanaume miaka mingi na sikuwahi kumwona akichukua kitu cha muntu akijua ni cha muntu. Ubaya wenyewe uko hapo.

Sasa niwaambie Nabintu. Alikuwa mama mutu mzima, mujane, alishuka toka milima ya juu na vyungu vyake, akabaki. Aliyenifundisha udongo ni yeye. Mukifika mahali, musiulize shimo la udongo liko wapi. Chukua udongo kidogo, lowesha, uviringe mpaka uwe mwembamba kama munyoo, halafu uuzungushe kwenye kidole gumba. Ukipasuka, una kiburi, utafutie udongo wa kichuguu wa kuulainisha. Ukikunatia kama mutoto anayeachishwa ziwa, utie pumba za mupunga. Nabintu aliuonja pia, kwa ncha ya ulimi. Pale shantie, mahali petu pa kujengea, mafundi walimcheka, "Mama, unakula shantie?" Naye akajibu, "Ninyi munaikunywa kila jioni, minye naila."

Matofali yangu ya kwanza niliyaanika juani, nikayapanga mustari mzuri kabisa, nikamwita aone. Kufika muchana yote yamepasuka kama visigino vya bibi wa sokoni. Nabintu aliyaangalia, akasema, "Umepanga vizuri makaburi." Toka siku hiyo najua: tofali bichi linafichwa jua. Lifunike nyasi, ligeuze ubavu, lipe muda wake. Na likishachomwa, ligonge kwa kucha. Likilia kama sahani, jenga nalo. Likinyamaza, lipeleke kwa adui yako.

Haya. Mwaka ule wa chumvi, kulikuwa na mufanyabiashara kule Kavimvira, karibu na mpaka, tuliyemwita Bwana Mafuko kwa sababu suruali yake ilikuwa na mifuko mpaka magotini. Alitaka depo ya kuwekea mali, ya matofali, yenye mulango mumoja na dirisha hakuna, na alitaka haraka, kabla uasi haujashuka. Noti za wakati ule kila muntu alizishika kama chura. Lakini Mafuko alikuwa na chumvi, iliyovuka ziwa kabla njia hazijafungwa. Kwa hiyo forfe ilifungwa kwa magunia ya chumvi. Mengine ya mafundi, mengine ya kutafutia unga wa sisi wa siku, na sehemu kubwa, karibu theluthi moja, ya kamio, lori la mizigo, kwa sababu matofali mazuri yalikuwa mbali bondeni na bila kamio hayafiki. Wakashika kamba. Ikalia *tii*.

Juma lile lile mwenye kamio akavuka kwenda Bujumbura na kamio yake, na muke wake, na mbuzi zake nyuma.

Kashindi alikaa kando ya kigingi akashika kichwa. Nikajua anaona Lubarika. Hapo Nabintu akaweka karai chini, akamkaribia.

"Kapita, udongo uko hapa hapa, chini ya mutoni. Nimeuonja."

"Huo? Huo ni tope la bata."

"Tope la bata ukilitia kichuguu na pumba linakuwa tofali. Tuachie sisi wanawake."

Kashindi alifikiri, akauliza, "Na yakipasuka ndani ya moto?"

Nabintu alifuta udongo kidoleni.

"Basi sikilizeni," akasema Kashindi, kwa sauti ili wote wasikie. "Unga wa siku nauondoa. Nitawalipa kwa tofali linalolia. Tofali lililopasuka ni la aliyelifinyanga. Silipi."

Tukakubali. Muntu mwenye watoto nyumbani anakubali nini?

Tulifanya kazi hiyo, wajukuu zangu, sijui niwaambie namna gani. Tulikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni. Siku nyingine bunduki zinasikika toka mulimani na sisi tunalala chali ndani ya tope mpaka zinyamaze. Nabintu alisimama siku moja, mweusi toka nywele mpaka miguu, akasema, "Sasa niwekeni kwenye moto, niko tayari." Tulicheka na meno yanagongana. Tanuru ya kwanza tuliichoma vibaya: upepo wa ziwa uligeuka, pembe moja ikabaki baridi. Matofali ya pembe ile yalikuwa ya Nabintu na ya mama mwingine, Mwamini. Kashindi aligonga moja moja kwa kucha yake. Yalinyamaza. Akasema, "Pole, mama," na kweli alikuwa na huruma usoni, lakini Nabintu alirudi nyumbani na bakuli tupu. Kesho yake alikuwa wa kwanza shimoni.

Depo ikasimama. Bwana Mafuko akaja na mifuko yake, akazunguka, akagonga ukuta, akafurahi. Halafu akasema, "Kapita, ile chumvi ya kamio nirudishie. Kamio haikuja."

Laiti mungemwona babu yenu! Alifuta mikono polepole, akamwangalia.

"Patron, bei tuliifunga ama hatukuifunga?"

"Tuliifunga."

"Kamio ingekuja mara mbili, ungeniongezea gunia?"

"Hapana."

"Ukuta ungeanguka, ungenisaidia?"

"Hapana, hasara ni yako."

"Basi aliyekula hasara anakula faida. Hakuna wa kula mufupa na mwingine nyama."

Mafuko alicheka mpaka mifuko ikatikisika, akaondoka. Mafundi walipiga makofi. Minye nilipiga kigelegele. Niliona nimeolewa na hakimu.

Kashindi alileta chumvi nyumbani, nusu ya gunia, nyeupe, yenye mabonge. Sikuuliza. Nilidhani asubuhi ameshagawia wote, wanawake na wanaume. Kiburi hakiulizi, kinapika. Nilikaanga ndagala kwa mawese, nikatia chumvi kwa mukono, siyo kwa kidole, kwa mukono, na nikamwita Nabintu aje tule naye muchana. Nilitaka aone. Muna haki ya kujua hilo. Sikumwita kwa sababu ana njaa, nilimwita aone chungu changu.

Alikuja amejifunga kitenge safi. Akanawa, akamega bugali, akachovya, akatia mudomoni. Akatafuna polepole. Nikangoja anisifu.

"Muke wa kapita," akasema, "chumvi hii iko tamu."

"Kula, mama, iko nyingi."

"Iko tamu sana. Hii ni chumvi ya kamio."

Nikacheka. "Kamio gani, mama? Kamio ilikimbia."

"Ilikimbia, ndiyo. Kwa hiyo kamio ilikuwa sisi." Alionyesha shingo yake, hapa nyuma, ambapo karai linakaa. "Minye sijaonja chumvi tangu kabla ya tanuru ya kwanza. Mwamini vilevile. Tumelipwa tofali linalolia, unga, basi. Sikujua chumvi ya kamio ilikwenda wapi. Sasa nimejua, iko hapa."

Alimeza kile kilichokuwa mudomoni, kwa sababu alikuwa muntu wa adabu na hakuna anayetema chakula cha mwenyeji. Akanawa mikono. Akasimama.

"Asante kwa kunionjesha chakula changu."

Akaenda. Bugali lake likabaki na alama ya vidole, limemegwa mara moja tu. Na zile ndagala zilikuwa zinanukia mpaka barabarani, naona majirani wanapita na pua juu, na kila pua ilikuwa inanipiga kofi. Tangu siku ile sijui tena kupika kwa kujionyesha. Wake zenu wananisema mukono wangu wa chumvi ni mwepesi. Waacheni waseme.

Kashindi aliporudi nilimwuliza mbele ya mulango, sikungoja akae.

"Wanawake umewapa nini cha ile chumvi?"

"Walishalipwa."

"Chumvi, nasema."

"Mama Yohana, wale hawakushika kamba." Alisema kwa upole, kama anamweleza mutoto. "Lubarika nilipouza kinga, nani kati yao aliuza hata kijiko? Walikula unga kila jioni. Sikuwadai. Asiyekuwa ndani ya hasara hayuko ndani ya faida. Minye sikuanza leo."

Na alikuwa na haki! Hiyo ndiyo ilinichoma. Kila neno lilikuwa kweli, kila neno nililiona na macho yangu kule Lubarika. Nilisimama pale natafuta kosa liko wapi, maana nilijua liko, kama unavyojua tofali limenyamaza kabla hujaligonga.

Mafundi walikuja kwa kelele zangu. Fundi Bitondo, muzee wa timazi, akasema, "Shemeji, fikiri. Tukimgawia asiyeshika kamba, kesho nani atakubali kuishika?"

Hapo nikaona bakuli. Bakuli tupu la Nabintu, siku ya tanuru ya kwanza.

"Kashindi," nikasema, "tofali lililopasuka ni la nani?"

Aligeuza macho kwa Bitondo.

"Ulisema weye mwenyewe, ukapaza sauti. Ni la nani?"

"La aliyelifinyanga."

"Lubarika walikuwa wa siku, ndiyo, walikula unga ukuta ukiwa chini. Hapa uliwatoa kwenye siku. Hasara ya tofali uliwabebesha wao, wakaibeba. Nabintu alirudi nyumbani bila unga. Hiyo siyo kamba? Ulimwambia Mafuko nini? Mufupa kwa nani na nyama kwa nani?"

Bitondo aliangalia chini. Nikaingia ndani, nikalitoa lile gunia nikaliweka kizingitini, katikati yetu.

"Chumvi hiyo haiingii mu chungu changu."

Na haikuingia. Nilimpikia sombe bila chumvi, maharage bila chumvi, ndagala bila chumvi, na gunia limekaa pale anapita akiliruka. Mafundi walimchokoza: "Kapita, muke amekufungulia hospitali?" Yeye anakula tu. Mukiwa na haki nusu, wajukuu zangu, kukubali kosa kunachukua muda mrefu kuliko kutokuwa nayo kabisa. Mwisho akaweka kijiko chini, akasema bila kuniangalia, "Waite Jumamosi. Nitavuta kamba upya, waishike, halafu tugawe."

"Kamba upya? Depo imeshaisha."

"Ndiyo. Nitaivuta hata hivyo."

Nilicheka, nikalia, nikaenda mbio kumwambia Nabintu. Alikuwa anachambua mboga. Akasema, "Jumamosi ni karibu." Hilo tu. Lakini aliniita kwa jina langu, hakusema muke wa kapita.

Ile Jumamosi haikufika kwetu. Uasi ulishuka Alhamisi. Munajua mengine, kila nyumba hapa iko na yake. Tulikimbilia ng'ambo, Burundi, na watoto mugongoni na sufuria moja. Nabintu walimwona anapanda, anarudi milima yake. Gunia lilibaki kizingitini.

Tuliporudi, manjanja yote yalikuwa yametolewa, nyumba iko wazi kama mudomo. Mvua ilikuwa imeingia na kutoka inavyotaka. Gunia lilikuwa limelala tupu, na chini yake, sakafuni, kulikuwa na alama nyeupe kubwa. Mbuzi wa watu, sijui wa nani, walikuwa wamejaa ndani ya chumba changu wanalamba udongo. Wanalamba, wanalamba, na wananiangalia kama minye ndiye mugeni. Kashindi alisimama mulangoni. "Basi mbuzi ndio walioshika kamba," akasema. Alitaka iwe mzaha. Haikuwa.

Nilimtafuta Nabintu. Kila wanaposhuka watu wa juu na maziwa na jibini, niliuliza. Sokoni Lubarika niliuliza mpaka wakaniita Mama Umemwona. Hakuna aliyemwona. Kashindi, toka hapo mpaka alipokufa, hakuna forfe aliyofunga bila wanawake kushika kamba, na kama walikuwa wengi, alitafuta kamba ndefu. Alifanya vizuri. Watu wa mji walimsifu, na mazishi yake yalijaa. Lakini minye nilipokuwa nasikiliza sifa zile, nilikuwa naonja ndagala zile. Haki ilipita kwa kila muntu, na haikupita kwa yule aliyeilipia.

Sasa kwa nini naandika leo, na macho yangu haya? Kwa sababu ya Yosua. Anajua namwandika, nilimwambia.

Yosua, mujukuu wangu mukubwa, amesoma, anafunga forfe zake mwenyewe. Juzi alikuja na moto, pikipiki yake, nyuma amefunga bidon ya mafuta ya mawese, safi, mekundu kama jogoo. Anajenga ukuta wa shule. Akaniambia kwa furaha kwamba mchanga wa kamio ulikuwa ghali, lakini wamama wamekubali kuuchota hapa mutoni na kuuchekecha, na kazi imewaachia faida kidogo, ndiyo iliyonunua mafuta haya.

"Imewaachia nani?" nikauliza.

"Sisi, Koko. Équipe, kikosi chetu."

"Wamama wako ndani ya ekipe?"

"Wamama ni wa siku, Koko. Wanalipwa kila jioni, sijamdhulumu muntu."

"Ndoo na chekecheke ni za nani?"

"Kila mama anakuja na yake."

"Zikipasuka?"

Aliangalia bidon yake. Nikamwona Kashindi usoni mwake, yule yule wa mbele ya mulango, upole wake, haki yake nusu. Nikaona haya, wajukuu zangu, haya ya kuzeeka hivi na kuwa nimewaambia ninyi habari za shingo yangu kila Jumapili, na hii nimeificha mpaka imezaliwa tena nyumbani kwangu.

Yosua alishusha bidon, akaisukuma kidogo kwa mguu kuelekea mulango wa jikoni.

"Koko, pokea basi. Ni mafuta tu."

"Chumvi hiyo haiingii mu chungu changu."